Kutoka Maombi hadi Matangazo ya Vifo

Vijana mnaobaki katika idara ya sayansi mmeniuliza mara nyingi kile kipimajoto cha zamani kilicho ndani ya soksi ya mtoto ni cha nini, na kwa nini nilikataa kihesabiwe pamoja na mali ya shule. Sasa nimestaafu, nina wakati, na ukungu wa Nunguni hauniruhusu kutoka nje kabla jua halijapanda. Nitawaeleza. Ila nitaanzia mbali, kwa sababu nimefundisha fizikia maisha yangu yote na sijui kuanzia karibu. Vumilieni. Mkifika mwisho mtajua jinsi msichana mkweli alivyokaribia kurudishwa kwao kwa sababu ya digrii tatu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule ya upili nje kidogo ya Mutomo, kule Kitui Kusini. Nilifika nikiwa na viatu vya visigino, na vumbi likanifundisha adabu kabla ya mwalimu mkuu kupata nafasi. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye mabati yaliyolia kwa joto kila mchana, na ndani yake alikaa Mzee Kimanzi, fundi wa maabara, aliyekuwa pale tangu mabati hayo yakiwa mapya. Vipimajoto alivihifadhi ndani ya soksi za watoto wake waliokwisha kuwa watu wazima. Chai yake aliichemshia katika chombo cha kioo kilichoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba si cha chai. Aliandika mwenyewe, ili walimu wasimnywee.

Somo langu la kwanza lilikuwa la maji kuchemka. Wanafunzi walikuwa wameshaandika mia moja kwenye madaftari kabla sijawasha jiko la mafuta taa. Maji yakapata moto, yakaanza kutokota, mvuke ukajaa chumbani, na kipimajoto kikapanda mpaka tisini na saba kikasimama. Nikalipiga jiko pampu. Kikabaki pale pale. Nikapiga tena pampu mpaka kijana wa mstari wa mbele akasogeza kiti chake nyuma kwa usalama. Tisini na saba. Nilimwangalia Mzee Kimanzi kama mtu anayezama anavyoangalia aliye ukingoni. Yeye alikuwa anapuliza chai.

"Madam, usibishane na maji," akasema. "Yaulize kwanza yako wapi."

Nilikuwa nimesoma hayo chuoni na nikapita nayo mtihani, lakini sikuwahi kuyaona kwa macho. Hewa iliyo juu yetu ina uzito, nayo hukalia maji. Maji yakitaka kuchemka ni lazima yaisukume. Kule Mombasa hewa ni nzito, kwa hiyo maji hupigana mpaka digrii mia. Ukipanda juu hewa inapungua, na maji yanachemka mapema, kabla hayajawa moto sana. Wanafunzi walinisikiliza kwa heshima, wakakubali kila neno, halafu wakaacha mia moja yao kwenye daftari, kwa sababu mtihani hausahihishwi Mutomo.

Barafu ndiyo iliyotuletea vituko zaidi. Shule haikuwa na friji, basi nilinunua barafu Kitui mjini, nikaizungushia vumbi la mbao, nikaifunga kwa gunia na kusafiri nayo nikiipakata kama mtoto mgonjwa. Nusu ilifika. Nusu nyingine iliwafikia abiria wenzangu miguuni. Tuliiweka kwenye beseni, tukatia kipimajoto, kikasoma sifuri. Barafu ikaendelea kuyeyuka, jua likaendelea kutuchoma, na kipimajoto kikakaa kwenye sifuri bila kutikisika mpaka kipande cha mwisho kilipokwisha. Msichana mmoja aliuliza joto lote linaloingia mle linakwenda wapi kama halionekani. Nikamwambia linafanya kazi ya kuivunja barafu, na likimaliza ndipo litapata nafasi ya kupasha maji. Mzee Kimanzi akasema hiyo ni sawa na kamati ya shule, chakula kinaingia mchana kutwa na hakuna kinachosogea. Somo liliisha kwa darasa zima kupanga foleni na kunywa kifaa cha kufundishia, maana yalikuwa maji baridi na ilikuwa Mutomo.

Nilipohamishiwa Nunguni, Mzee Kimanzi alinipa kipimajoto kimoja pamoja na soksi yake. Alikuwa amekinunua mwenyewe, kwa hiyo hakukuwa na wa kumuuliza. Nikapanda nacho milimani, nikavaa sweta kwa mara ya kwanza tangu chuo, nikachemsha maji mbele ya kidato cha pili. Tisini na nne. Safari hii sikupiga pampu.

Habari hiyo ilitoka darasani ikafika sokoni. Kwenye mkutano wa wazazi, mwenyekiti, mfanyabiashara wa mbao aliyezoea kupigania haki, alisimama akauliza ni kwa nini shule za Mombasa zinapewa digrii mia na sisi tunapewa tisini na nne, ilhali karo tunalipa. Alitaka tuandike barua tuongezewe. Mzazi mmoja aliyekuwa na dada yake Tawa, kule chini, aliongeza kwamba hata Tawa wametupita. Nilieleza habari za hewa na mlima. Wakanipigia makofi, kisha wakapitisha kwa kauli moja kwamba barua iandikwe. Jibu halijaja mpaka leo. Tangu hapo niliwaambia wanafunzi kwamba barafu ni kama amri za Mungu, sifuri ya Mutomo ndiyo sifuri ya Nunguni, lakini kuchemka ni kama sheria za kaunti, ukivuka mpaka inabidi uulize upya.

Sasa nifike kwa Mutinda. Huyu nilimfundisha. Hakuwa na akili ya moto, lakini alikuwa na utaratibu. Nilikuwa nimewaambia kwamba ukitaka kujua kinacholeta tatizo, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na vingine uviache vilivyo. Wengi walisahau hata kabla ya kengele. Mutinda aliyashika maneno hayo kama wengine wanavyoshika mstari wa Biblia. Alipomaliza shule alinunua pikapu akaanza kupeleka parachichi kwenye miji ya barabara ya Mombasa, na katika kuzunguka huko akampata Mwende, msichana wa Mutomo. Nilikwenda harusini, nikafurahi sana, kwa sababu niliona vituo vyangu viwili vya kazi vimeoana.

Mama yake Mutinda alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na muthokoi wake ulijulikana mpaka Kalamba. Mgeni asiyejua aelewe kwamba muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yakapikwa na maharagwe kwa muda mrefu. Na kwetu Ukambani mwanamke anayepika muthokoi haangalii saa. Anasikiliza redio ya Kikamba. Alfajiri kuna maombi, kisha kuna kipindi cha salamu, halafu adhuhuri kuna matangazo ya vifo. Mama Mutinda aliinjika sufuria maombi yakianza na kuiepua matangazo ya vifo yakianza, na katikati hakuna aliyeruhusiwa kugusa kifuniko. Mwende naye alifundishwa hivyo hivyo na mama yake, kwa redio ile ile, isipokuwa kwao Mutomo sufuria huinjikwa wakati wa salamu.

Wiki chache baada ya harusi, ibada ya nyumbani ikaangukia kwao. Mama mkwe akamwachia Mwende jiko ili waumini waone mke aliyeletwa. Mwende aliinjika wakati wa salamu. Matangazo ya vifo yalipoanza akaepua, akapakua, akapiga magoti na kumkaribisha mchungaji. Mchungaji akauma. Meno yake ya bandia yakabaki kwenye mahindi. Alikuwa mtu mstaarabu, akaomba baraka za chakula huku amefunika mdomo kwa Biblia, na watu wote wakajifanya wanaangalia picha za ukutani.

Jioni mama mkwe akamuuliza Mwende ni kwa nini aliinjika kwa kuchelewa. Mwende akajibu kwamba hakuchelewa, kwao muthokoi huiva kuanzia salamu hadi vifo. Mama Mutinda alikuwa amepika miaka mingi na alijua hilo haliwezekani. Mvivu angeweza kumvumilia, maana uvivu hutibika kwa jembe. Mwongo ni jambo jingine. Akatangaza kwamba kijana wake ameoa mwongo, na kama msichana hatakubali kosa, wazee watamrudisha kwa watu wake kwa heshima. Mwende akakataa kukubali kosa ambalo hakufanya. Nilipenda hilo niliposikia.

Hapo ndipo Mutinda alipokumbuka masomo yangu. Alimpenda mke wake na akaamua kumwokoa kwa njia ya sayansi. Kwanza akasema huenda ni maji. Nunguni kuna maji ya chemchemi yanayotiririka hadi barabarani, lakini Mutinda aliendesha pikapu mpaka Mutomo, mahali ambapo watu huamka usiku kufuata maji, akaomba ajaziwe mitungi kwenye tangi la wakwe ili ayapeleke mlimani. Wakwe walimjazia kwa upole na wakamwombea baada ya kuondoka. Mwende akapikia maji hayo, kuanzia salamu hadi vifo. Muthokoi ukawa mgumu. Mutinda akarudi Mutomo kuchukua kuni. Mgumu. Akarudi kuchukua sufuria ya mama yake Mwende, halafu maharagwe, halafu mahindi pamoja na kinu cha kuyatwangia. Kila Jumamosi familia ilikusanyika kutafuna matokeo. Moto wenyewe ulikuwa mkubwa, maana Mama Mutinda alisimama pale akisema ongeza kuni, ongeza kuni, na maji yakatokota kwa hasira yakaisha mapema bila kuzidisha joto hata kidogo.

Alinijia maabara Jumatatu moja akiwa amenyoosha shati na macho mekundu. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Alinieleza yote kwa mpangilio mzuri, jaribio moja baada ya jingine, na nikiri kwamba nilijivuna kidogo.

"Madam, nimebadilisha kila kitu, moja moja, vile ulitufundisha," akasema. "Imebaki yeye."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na Nunguni umeibadilisha?"

Alitazama dirishani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye goli la uwanja wa mpira. Nilikwenda kwenye friji ya jikoni nikachukua barafu, nikatoa kipimajoto kwenye soksi nikakitia humo ili aone kwamba hakidanganyi. Kikasoma sifuri. Nikachemsha maji, kikasoma tisini na nne. Nikamwambia chombo hiki hiki kilisoma tisini na saba kwa akina Mwende. Muthokoi hauivi kwa kelele za maji, huiva kwa joto lake, na joto likipungua inabidi uongeze muda. Mutinda alikaa kwenye stuli ya mwanafunzi akalia kwa furaha. Halafu akapangusa uso akaniuliza ni nani atakayemwambia mama yake.

Nilikwenda mimi. Mama Mutinda alinipa chai na akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kama hewa ni nzito, ni nani huibeba. Nikasema sisi sote. Akasema hajawahi kuchoka kwa hewa, huchoka kwa watu. Nikamwonyesha kipimajoto, akakiangalia kama anavyoangalia risiti ya duka asilolijua. Mwishoni akasema hana haja na kioo cha mtu. Ataenda Mutomo mwenyewe, apike mwenyewe, na ukweli utaonekana kwenye sahani. Akikuta muthokoi ulioinjikwa wakati wa salamu ni mgumu, basi msichana abaki huko huko kwao.

Sasa ninyi mnajua mila. Mama wa bwana haendi kwa wakwe mikono mitupu, na zaidi ya yote hapiki kwao. Akishika mwiko ni kama amesema kwamba nyumba hiyo imekufa njaa. Mutinda, Mwende, mama mkwe na mimi tulipofika na mbuzi nyuma ya pikapu, mablanketi, sukari na sufuria kubwa kutoka Nunguni, mama yake Mwende alipokea vyote kwa shangwe isipokuwa sufuria. Akauliza kama yeye amekufa hata mgeni ajipikie. Mazungumzo yakachukua jioni nzima. Ikakubaliwa mawe matatu yawekwe nje, karibu na ghala, na kwamba hilo lihesabiwe si kupika bali ni maonyesho. Mama Mutinda alikuwa amekuja pia na redio yake. Kituo ni kile kile, lakini alisema redio ya watu huwezi kujua inasema nini.

Asubuhi mama wawili wakapika kila mmoja kwa mawe yake. Maombi yalipoanza, Mama Mutinda akainjika, kwa sababu mazoea ni mazoea, na akakaa kando ya kifuniko kama askari wa benki. Hakuna aliyekigusa. Salamu zilipoanza, mama yake Mwende akainjika yake bila haraka. Nilitia kipimajoto kwenye maji ya chai kikasoma tisini na saba, nikawaambia. Hakuna aliyegeuza kichwa. Mwende alikaa katikati ya mama hao wawili.

Matangazo ya vifo yakaanza. Mama yake Mwende akafunua, na muthokoi ulikuwa umeiva, punje moja moja, laini. Mama Mutinda aliutazama sana. Kisha akafunua yake. Ndani mlikuwa na uji. Kule chini ulikuwa umeungua, juu mwiko ulisimama peke yake. Watu walinyamaza kiasi kwamba tulisikia majina yote ya marehemu wa siku hiyo na mahali watakapozikwa.

Nyanya yake Mwende, ambaye hakuwa na jino hata moja, aliomba sahani, akala, akaomba nyingine. Alisema hatimaye amepatikana mtu anayejua kupikia wazee. Pengine mambo yangeishia kwa kicheko, lakini mjomba wa Mwende akasimama. Alikuwa amekaa na hasira tangu siku ya mitungi ya maji. Akasema kumbe watu waliomwita mtoto wao mwongo hawajui hata kupika muthokoi, na kwa hiyo mbuzi warudi kwenye gari na msichana abaki. Wazee wengine wakaitikia kwa vichwa. Nikamwona Mutinda amekuwa mweupe kama chaki. Katika majaribio yake yote hakuwahi kufikiria kwamba upande wa pili nao unaweza kumkataa.

Mama Mutinda hakujitetea. Mwanamke ambaye muthokoi wake ulijulikana mpaka Kalamba alikuwa amesimama mbele ya wakwe na mwiko uliojaa uji, na nilimwonea huruma kwa dhati, hata mimi niliyejua tangu mwanzo nani alikuwa na haki. Ndipo Mwende akainuka. Alikuwa na sababu zote za kunyamaza.

"Mjomba, mwaitu anajua kupika," akasema, akitumia neno letu la kumwita mama. "Nimekula yake huko juu, hakuna inayoishinda. Ameinjika vile wanainjika kwao, na mimi niliinjika vile tunainjika kwetu. Hakuna mwongo hapa."

Mjomba akaketi. Mama Mutinda aliweka mwiko chini, akajipangusa mikono kwa leso polepole, akamgeukia Mwende.

"Huku mnainjika lini?"

"Kwa salamu, mwaitu."

"Na kwetu?"

"Kwa maombi."

"Basi ingia kwa gari, tutachelewa," Mama Mutinda akasema.  Njiani hakuzungumza mpaka Kibwezi, na alipozungumza ilikuwa kulaumu bei ya nyanya. Mwende alilala begani kwake bila kuambiwa.

Mwezi uliopita wazazi wa shule waliniandalia chakula cha kuniaga, na Mama Mutinda akasema muthokoi utapikwa kwake. Nilifika mapema kwa sababu kazi imeisha na sina pa kwenda. Sufuria ilikuwa motoni tangu maombi, Mwende akiichunga, na mama mkwe alikuwa kwenye kigoda akichagua mawe kwenye maharagwe ya kesho. Redio ilikuwa dirishani. Kipindi cha salamu kikaanza, na mtangazaji akasoma za Tawa, za Emali, za mtu fulani aliyemsalimu kila dereva wa barabara ya Mombasa. Kisha akasoma kadi iliyotoka Nunguni. Ilisema akina mama wa nyanda za chini waendelee kuinjika muthokoi wakati wa salamu, wa milimani wainjike wakati wa maombi, na kwamba salamu za pekee ni kwa Mwende, mke wa mwanangu, ambaye hakusema uongo.

Mtangazaji akacheka kidogo, akasema hii salamu hajaielewa, akairudia yote.

Mwende alikuwa ameshikilia kuni hewani. Alimwangalia mama mkwe wake. Mama Mutinda aliinamia ungo wake, akatoa jiwe moja, akalitupa mlangoni.

"Sijui hawa watu wa redio hutoa wapi maneno," akasema. "Weka hiyo kuni. Na kifuniko usiguse."

Nilikuwa nimekuja na kipimajoto katika mkoba, nikidhani nitawapa kama zawadi. Nilikirudisha kwenye soksi.